Chai ya Mkaguzi wa Bima

Mama yangu hajawahi kuumwa. Hivyo ndivyo atakavyokwambia. Mwulize asubuhi, mwulize jioni, mwulize akiwa na homa ya kutikisa kitanda, jibu ni lile lile: "Nzuri, alhamdulillahi," kisha atakuuliza wewe umekula nini. Mimi hilo sikulirithi. Nikijikwaa kidole, mtaa mzima wa Kisugu unapata habari kabla kidole hakijavimba. Nina saluni pale, na wateja wangu wanajua kwamba anayekuja kusukwa kwangu anasukwa nywele na kusikilizishwa malalamiko, vyote kwa bei moja.

Basi Mungu naye ana vichekesho vyake. Mlango wa chuma ulipoamua kuanguka, haukuniangukia mimi ninayejua kupiga kelele. Ulimwangukia yeye.

Ilikuwa sokoni Nakivubo, kwenye duka la vitambaa, ndani ya lile jengo ambamo maduka yamebanana hadi ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Mama alikuwa ananunua kitambaa cha mapazia ya Idi. Alikuwa amemkaba mwenye duka kwa maneno matamu mpaka bei ikashuka, na alipoweka mkono wa kulia juu ya kaunta kupokea chenji, mlango wa kujikunja ukashuka nao. Baadaye nilikuja kujua kwamba springi yake ilikufa zamani, na kilichokuwa kinaushikilia juu ni kamba ya manila iliyofungwa kwenye msumari. Kamba ya manila! Hata mbuzi wa jirani yetu kule Mbuya hafungwi kwa kamba ile.

Nilipopigiwa simu nilipanda boda nikatukana njia nzima, hata mwendeshaji akaniuliza kama kosa ni lake. Nikamkuta Mama amekaa juu ya robota la vitambaa, mkono mapajani, kiganja kimetazama upande ambao Mungu hakukipangia. Na unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anambembeleza mwenye duka. Mwanaume anatetemeka, Mama anamwambia pole baba, pole, usijali, ajali haina kinga. Nilitaka kupasuka.

Hospitali walimfunga plasta. Ilipotolewa, mifupa ya kifundo ilikuwa imeungana, lakini imeungana inavyotaka yenyewe. Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akatuambia lazima mkono upasuliwe, mfupa uvunjwe tena, uwekwe chuma, na tusikawie, maana vidole vikishakakamaa vitabaki hivyo hivyo mpaka kaburini. Halafu akataja gharama. Mama akamshukuru utafikiri amepewa zawadi. Mimi nikahesabu kichwani mashine zangu za kukaushia nywele, viti, vioo, na mimi mwenyewe juu yake, nikaona hata nikiuza vyote haitoshi.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na lilinikosesha raha kila nilipoamka: mkono wa kulia wa Mama. Ndio mkono wa kukanda maandazi anayouzia majirani, wa kutawadhia, wa kusalimia, wa kulia chakula. Mtu wa kwetu bila mkono wa kulia ni mtu nusu. Baba alikuwa mwanajeshi, alimwachia Mama nyumba ndogo juu ya kilima cha Mbuya na Kiswahili cha kambini, na heshima yake yote mle ndani anaiendesha kwa mkono huo.

Wateja wangu wakakaa mahakama pale saluni. Kila aliyekuwa na kichwa chini ya mashine alikuwa jaji. Mmoja akasema tumwendee mwenye duka na mapanga, mwingine akasema tumsamehe, wa tatu, ambaye nilikuwa namsuka na sikutegemea awe na akili, akasema jengo lile lina bima, tutafute wakili. Nikampunguzia bei ya kusuka siku hiyo.

Wakili tuliyempata alikuwa kijana mwembamba, mpole, ofisi yake ipo juu kabisa ghorofani, na ana feni inayozunguka bila kutoa upepo. Mama alianza kumwita mwanangu kabla hatujaketi. Akatueleza kwamba fidia si kitu kimoja, ni kama sinia lenye vyakula mbalimbali, na kila chakula kina ushahidi wake. Nikasogeza kiti. Mambo ya sinia nayaelewa.

Alianzia kwenye kile alichosema ndicho chepesi, yaani gharama ulizokwisha kutoa. Hizo sharti uzithibitishe kwa risiti, dawa kwa risiti, usafiri kwa risiti. Akamwuliza Mama nani alikuwa akimpeleka hospitali. Mama akasema kijana wa boda wa jirani, akakataa nauli, Mungu ambariki. Na dawa? Nyingine alipewa na muuguzi, binti ya shoga yake, hakumdai. Na yule wa kumkanda vidole? Huyo alipelekewa maandazi. Wakili akaandika kitu, akakikata. Akasema kwa upole kwamba mahakama haina njia ya kurudisha wema wa watu.

Akahamia kwenye kipato kilichopotea. Hapa mimi nilijua tumeshinda, maana maandazi ni biashara. Mama akasema hakupoteza kitu. Mama wa nyumba ya pili amekuwa akija alfajiri kumkandia unga, yeye anakaanga kwa mkono wa kushoto, wateja wote wamebaki. Alisema hivyo kwa fahari kabisa! Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza kwa sauti mbona namkanyaga.

Nilimwambia wakili aendelee, labda kuna chakula ambacho Mama hajakimwaga. Akasema kuna fidia ya matibabu yajayo, na hiyo ndiyo ya upasuaji, ndiyo roho ya kesi yetu. Lakini ili bima ikubali kuilipa, lazima ionekane kwamba mkono kweli haufanyi kazi. Na inakwenda sambamba na nyingine mbili ambazo hazina risiti: moja ya maumivu na mateso, nyingine ya raha za maisha ulizozikosa, yale mambo madogo uliyokuwa ukiyafanya kila siku na sasa huwezi. Akamtazama Mama, akamwuliza kama anaumwa. Banange, jamani! Mama akatabasamu, akasema, "Nzuri, alhamdulillahi, mwanangu. Na wewe, mbona umekonda hivyo?"

Niliuliza kama hakuna fidia ya kumtia adabu mtu. Wakili akasema ipo, fidia ya adhabu, ila mahakama huitoa kwa nadra, pale mtu anapofanya ubaya wa makusudi au dharau iliyopita kiasi. Hiyo niliipenda papo hapo. Nikamweleza habari ya kamba ya manila, na msumari, na jinsi mwenye duka alivyoning'iniza mlango wa chuma juu ya vichwa vya mama za watu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tusiitegemee. Kila nilipompigia simu baada ya hapo nilimalizia kwa kumwuliza hali ya fidia ya adhabu, na yeye alimalizia kwa kuniuliza hali ya Mama.

Ikaja taarifa kwamba kampuni ya bima inamtuma mkaguzi wake Mbuya, amwone Mama nyumbani, aandike mkono uko katika hali gani. Wakili alisisitiza: aone mambo yalivyo. Asipambiwe wala asifichwe. Nikaenda mapema wiki ile kumfundisha Mama. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia akiuliza mkono vipi, sema unauma. Tukafanya mazoezi, mimi mkaguzi, yeye yeye. Nikauliza, akajibu nzuri. Nikauliza tena, akajibu nzuri kidogo. Nikamwambia ukisema alhamdulillahi mbele ya yule mtu, mimi nahamia Gulu kwa ndugu za baba na hutaniona. Akacheka, akasema amesikia.

Siku yenyewe nilikuwa nimeahidi kuwepo kabla ya mgeni. Lakini nilikuwa na bi harusi saluni, na bi harusi humwachi na nusu kichwa. Nilipofika Mbuya, jasho linanitiririka, viatu vya mkaguzi vilikuwa mlangoni vimepangwa vizuri. Ndani, mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, anakula andazi na si la kwanza. Mama amevaa nguo ya Idi. Kitambaa cha meza kilikuwa kile ambacho sisi watoto wake hatujawahi kuruhusiwa kukigusa. Na mkononi, mkono wa kulia, Mama ameshika birika.

Si birika dogo. Lile kubwa la shughuli, limejaa. Nilisimama mlangoni nikamwangalia anamimina. Chai ilishuka kwenye kikombe moja kwa moja, tone halikumwagika, na Mama anatabasamu, anamwambia karibu baba, ongeza sukari. Mkaguzi akasifu tangawizi. Akamwuliza mkono haujambo. Mama akasema haujambo, alhamdulillahi.

Alipoaga, Mama alimsindikiza mpaka nje, kama kawaida, na kumfungia maandazi ya kuwapelekea watoto. Mimi nilibaki sebuleni nikigombana na kuta. Niliposikia amerudi na kuingia jikoni, nikamfokea kutoka kule kule kwenye kochi: hivi ni nani aliyekufundisha kumkarimu mtu aliyetumwa kukunyima? Alikawia kidogo kunijibu. Kisha akasema kutoka jikoni, kwa sauti yake ile ile, je, nilitaka ampe mgeni chai kwa mkono wa kushoto? Mtoto wa watu, amepanda kilima chote kile? Nikasema si mgeni, ni adui. Akasema adui akivuka kizingiti ni mgeni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na ripoti yake ilipofika kwa wakili ikasema mwenyeji keshapona. Mkaguzi aliandika: mlalamikaji alinipokea kwa furaha. Amesema hajambo. Amenyanyua birika lililojaa kwa mkono ulioumia, mara kadhaa, bila kumwaga. Kwa hiyo bima ilikuwa tayari kulipa risiti chache zilizokuwepo na kifuta jasho kidogo, basi. Upasuaji hawakuona haja yake. Wakili alivua miwani akajisugua macho kwa muda mrefu. Sikumwuliza habari ya fidia ya adhabu siku hiyo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Mama zaidi ya wote, na chini ya hasira hiyo nilikuwa na hofu, kwa sababu vidole viwili vilikuwa tayari havinyooki.

Kulikuwa na nafasi moja imebaki kabla ya kesi kusikilizwa, nayo ni usuluhishi. Ni chumba tu cha mahakamani, hakuna kizimba wala majoho, meza moja ndefu na pande mbili. Upande wetu mimi, Mama na wakili. Upande wa pili wakili wa bima, mwanamke mrembo mwenye wigi ambalo kitaalamu sikuwa na la kulikosoa, na yule mkaguzi. Katikati msuluhishi, mzee wa makamo aliyesema angetumia Kiswahili ili Mama aelewe kila neno. Nilimpenda kwa hilo.

Wakili wa bima akasoma ripoti. Kwa Kiswahili ilisikika mbaya zaidi. Msuluhishi akamgeukia Mama, akamwuliza kama ni kweli alimimina chai kwa mkono ule.

"Kweli," Mama akasema. "Mwenyewe, kwa mkono huu."

"Ulikuuma?"

Nilifumba macho. Nilijua kinachokuja, nilishakisikia maisha yangu yote. Lakini hakikuja. Nilipofumbua, Mama alikuwa anamtazama mkaguzi, na uso wake ulikuwa na aibu, aibu ya mtu anayekwenda kufanya jambo lisilo la adabu.

"Nisamehe, baba," alimwambia. "Mtu hamsimangi mgeni kwa chai aliyompa. Lakini nimeulizwa, na hapa ni mahali pa kusema kweli. Ulipokata kona nilirudi jikoni nikakaa chini. Niliuma kanga ili huyu asinisikie."

Huyu nilikuwa mimi. Mimi niliyekuwa sebuleni ninafoka.

Mkaguzi alikuwa anatazama meza. Ndipo akauliza, taratibu, kwa nini hakumwambia siku ile. Mama akamjibu kwamba aliulizwa kwa salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anamwelekeza tu, jinsi anavyomwelekeza mtoto namna ya kuvua viatu.

Msuluhishi akamwuliza kuhusu kula. Sikujua kwa nini aliuliza hilo, labda ameshawaona wengi. Mama akasema majirani wakileta sinia, yeye huwa amefunga. Na hapo nikakumbuka: miezi ile yote, kila nilipokuja na chakula, Mama alikuwa na saumu. Nilidhani amezidisha uchamungu. Nilikuwa nawaambia wateja wangu kwa kicheko kwamba Mama anatuacha, anakwenda peponi mapema. Msuluhishi akauliza kama alikuwa anasingizia. Mama akashtuka, akasema hasha, saumu haisingiziwi, alikuwa anafunga kweli. Aliona heri afunge kuliko kushika kijiko kwa kushoto mbele ya watu ambao amekula nao sinia moja tangu alipoolewa, au kujaribu tonge likaanguka wakamwonea huruma. Futari alikuwa anakula peke yake, mlango umefungwa.

Wakili wetu hakuongeza neno, na kwa hilo nikamheshimu. Mkaguzi ndiye aliyenyoosha mkono akaomba ripoti yake. Akasema angependa kuiandika upya, na kwamba aliona chai, hakuona mkono. Wakili wa bima akamnong'oneza kitu, mkaguzi akatikisa kichwa kukataa. Tukatolewa nje mawakili wakavutana, na sisi kwenye benchi la korido Mama akamwuliza mkaguzi kama watoto walipenda maandazi. Walipenda. Mimi nilikaa katikati yao nikiwa bubu, jambo ambalo saluni wasingeliamini.

Tuliporudi ndani walikuwa wamekubaliana. Upasuaji utalipwa wote, na mazoezi ya vidole baada yake. Kuna sehemu ya maumivu, na sehemu ya yale aliyokosa, na msuluhishi alipoitaja hii ya mwisho alisema "kula na watu", hakutumia jina la kisheria. Nilifungua mdomo kuulizia kamba ya manila, wakili akanikanyaga mguu. Nilistahili.

Mkono ulipasuliwa baada ya Ramadhani. Leo unamega tonge, haukamui nguo, na baridi ikija unalalamika, ingawa unalalamika wenyewe bila msaada wa mwenyewe. Wateja wakiniuliza kesi iliishaje huwa nawaambia hayo. Ila ninachokikumbuka mimi hasa ni safari ya kurudi kutoka mahakamani.

Nilikodi gari ili Mama asipigwe vikumbo. Foleni ya kwenda Mbuya ilikuwa imefunga, dereva amezima injini, amefungulia redio. Mama alikuwa ameweka mkono mapajani. Nikamwuliza, kwa mazoea tu, sikuwa na maana yoyote: Mama, mkono vipi?

Akaanza kujibu nzuri. Neno likafika nusu, likasimama. Akatazama nje dirishani, kwenye lori la matofali lililokuwa ubavuni mwetu.

"Unaniuma, mwanangu," akasema. "Unaniuma sana."

Nikamwuliza tangu lini. Akaanza kunieleza. Alianzia dukani, mlango ulipogusa mfupa na sauti uliyotoa, akaja kwenye plasta, akaja kwenye namna ya kulala, kufunga kitufe, kushika udhu, kumsalimia shehe msikitini na kuogopa asiukamate kwa nguvu. Alisema pole pole, bila kulia, mkono umelala juu ya goti langu. Dereva akazima redio. Mimi sikumkatiza hata mara moja.

Foleni ikafunguka, tukapanda kilima, tukafika kwenye geti lake, na alikuwa bado hajamaliza. Dereva akapunguza mwendo. Nikamwambia asisimame, azunguke tena.